Shada Nililofunga kwa Mkono Wangu

Harusi ya Kitanzania ina mwenyekiti, katibu na mhazini, na chini yao kuna kamati ndogo ya chakula, ya vinywaji, ya mapambo na ya usafiri. Bibi harusi hayumo humo. Yeye huletewa taarifa. Ataambiwa rangi za ukumbi zimepitishwa, ataambiwa MC ni nani, na siku yenyewe ikifika atasimamishwa hapa, atakalishwa pale, ataambiwa atabasamu. Silalamiki. Michango ya ndugu, majirani na wafanyakazi wenzetu ndiyo iliyotuozesha, na aliyechanga ana haki ya kusema. Ila katika mambo yote yale nilitaka moja liwe langu, na nililolichagua ni shada la maua la kushika mkononi kanisani.

Mpambaji alikuwa ameshatoa bei yake. Shada lilifungwa pamoja na viti, vitambaa na taa za ukumbi, na alipobanwa alitaje bei yake peke yake, ilikaribia bei ya ndafu. Tena kwa pesa hiyo maua yangekuwa ya plastiki na kitambaa, ya Kariakoo. Nikitaka ya kweli niongeze hela, naye angeyachomeka kwenye kishikio cha plastiki chenye sponji ya kijani. Nilimshukuru, nikaiomba kamati ilifute shada kwenye orodha. Katibu aliandika "bibi harusi atajitegemea", na sentensi hiyo ilichekesha kikao kizima.

Mama yangu hakuona mantiki. Shada lake yeye lipo mpaka leo kwenye kabati la vioo, sebuleni kwetu Tanga: maua meupe ya plastiki yaliyogeuka manjano, yanateremka kutoka kifuani hadi karibu na magoti. Ndio uliokuwa mtindo. Diana alipoolewa London tarehe 29 Julai 1981, alishika shada kubwa la mteremko la gardenia, okidi na stefanotisi, ua jeupe ambalo asili yake ni Madagaska, hapa kwa majirani zetu. Picha ile ilienea dunia nzima, na nadhani mafundi wetu wa harusi waliifuata kwa walichokuwa nacho, na walichokuwa nacho kilikuwa plastiki. "Langu halijadondosha hata jani," mama aliniambia. "Hilo lako litafika Jumatatu?" Nilimwambia halitafika. Akaguna, akaendelea kuchambua mchele.

Mimi nilikuwa na silaha ambayo mabibi harusi wengi hawana: wifi yangu. Mke wa kaka alifanya kazi kwa miaka kwenye chumba cha kufungashia cha shamba moja la mawaridi upande wa Usa River, kati ya Arusha na Moshi. Huko waridi halisifiwi uzuri. Hukatwa asubuhi mapema likiwa bado tumba, hutumbukizwa kwenye ndoo, hupimwa urefu wa kikonyo, hufungwa mafungu na kuingizwa kwenye chumba cha baridi kusubiri ndege. Nyanda zetu za juu, kuanzia Arusha mpaka Naivasha nchini Kenya, ambako ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, zina jua kali la ikweta mchana na baridi usiku, kwa hiyo waridi huko halingoji msimu. Mengi hupitia Uholanzi, kwenye mnada wa Aalsmeer. Ndiyo maana bibi harusi wa Amsterdam anaweza kuingia kanisani na waridi lililokatwa kwetu, wakati bibi harusi wa Arusha ameshika plastiki iliyokuja kwa meli. Jambo hili lilikuwa likiniudhi hata kabla sijachumbiwa.

Wifi alinipa somo lake lote kwa simu, na nusu yake nimeisahau, lakini hii sijaisahau: "Wifi, ua ukishalikata limeshakufa. Kazi yako ni kulichelewesha lisijue." Nilichokuwa nakiogopa mimi ni ufundi wa kupanga na kufunga. Yeye ufundi huo hakuujali. Alichoulizia ni ndoo, kisu, maji na kivuli.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo wifi hakuliona kuwa tatizo. Mawaridi ya shamba hayanukii, au yananukia kidogo mno. Yamezalishwa ili yastahimili safari na kukaa siku nyingi kwenye chombo, na katika uzalishaji huo harufu ndiyo iliyoachwa nyuma. Kwa mtu aliyelelewa bara huenda hilo ni dogo. Mimi nimelelewa na bibi mzaa mama, mzaliwa wa Pangani, ambaye kwake ua lisilonukia ni jani tu lenye rangi. Bibi alikuwa akiketi mkekani alasiri na sinia mbele yake, mrehani upande huu, petali za waridi la uani upande ule, vilua katikati, anachukua kimoja kimoja na kukifunga kwa uzi mpaka kikuba kinatimia, kidogo cha kutosha kuchomekwa kwenye nywele au kubandikwa kifuani. Hakuna harusi mtaani kwetu iliyopita bila mtu kuja kumwomba.

Nikampigia simu kumwomba koja la asumini la kuzungusha kwenye shada. Alikataa papo hapo. "Asumini ni ya usiku, mjukuu wangu. Wewe unaolewa saa nane mchana, itakuaibisha." Na ni kweli. Asumini huchumwa alasiri ikiwa tumba, hufunguka giza likiingia, na kesho yake mchana imeshageuka rangi. Harusi za pwani zilipangwa kwa saa za asumini. Harusi ya kanisani imepangwa kwa saa za mpiga picha. Bibi akasema atanifungia kikuba cha vilua na mrehani, kwa sababu kilua hata kikinyauka bado kinanukia. Mkilua ni mti wa pwani yetu hasa, wa Kenya na Tanzania, na Bernard Verdcourt wa bustani za Kew alipouandikisha katika sayansi mwaka 1970 aliuacha na jina lake, akauita Mkilua fragrans. Maua yake hayana urembo wa kutazama, ya kijani kinachoelekea manjano, manene, yanajificha kwenye majani. Mtu huyajua kwa pua.

Hapo ndipo nilipopata sura ya shada langu: mawaridi ya wifi kwa nje, kikuba cha bibi katikati, kisionekane.

Harusi ilikuwa Marangu, kwa akina mume wangu, mwezi Desemba, wakati Wachaga wote wamerudi nyumbani na kila usharika una ndoa za kupanga foleni. Mawaridi yalifika Alhamisi mchana kutoka Arusha, na wifi mwenyewe, kwa Noah iliyojaa watu. Yalikuwa meupe yenye wekundu kidogo kwenye kingo, yale ya vikonyo vifupi ambayo mashamba huyauza hapa nchini. Tulipofungua makaratasi, karibu nusu yalikuwa yameinamisha shingo. Dada mmoja wa mume wangu alishika mdomo. Mwingine alishaanza kutaja nani ana gari la kwenda Moshi mjini kutafuta mengine.

Wifi hata hakujibu. Aliomba magazeti. Akayaviringisha mawaridi kwenye gazeti, fungu kwa fungu, yakabanwa yamenyooka, vichwa vimefunikwa. Akachukua kisu kikali (mkasi aliukataa, alisema unaminya vijishimo vinavyopandisha maji), akakata kila kikonyo mshazari, vidole viwili kutoka chini, na kukitia majini papo hapo, maana kikonyo kikikaa nje hewa huingia na kuziba njia. Maji yalikuwa ya vuguvugu, ambayo hupanda upesi kuliko ya baridi, na yalifika karibu na shingo za maua. Katika kila lita alitia kijiko cha chai cha sukari, maji ya ndimu kidogo na matone machache ya jiki. Sukari ni chakula, ndimu husaidia maji kupanda, na jiki huua bakteria wanaozaliana mle na kuziba vikonyo. Kwa sababu hiyo hiyo kila jani ambalo lingezama lilipukutishwa. Kufika magharibi tulifungua gazeti moja kuchungulia. Shingo zilikuwa zimesimama. Kilichokuwa kimeyapata ni kiu tu.

Sasa ndoo ziwekwe wapi? Nyumba nzima ilionyesha chumba kimoja, stoo ya nyuma, yenye giza na baridi nzuri. Wifi alifungua mlango, akanusa, akaufunga. Ndani kulikuwa na ndizi zinaivishwa kwa ajili ya mbege, mikungu kwa mikungu, maana mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi, na bila mbege hakuna harusi Uchagani. Ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini. Gesi hiyo ndiyo inayoziambia ndizi jirani nazo ziive, na ua likiipata nalo hufuata amri hiyo: huzeeka, hukunjuka, hudondosha petali. Ungeweka ndoo zetu mle Alhamisi usiku, Jumamosi ungekuta makapi, na watu wangesema umerogwa. Ndoo zikahamia bafu la nje, lenye sakafu ya saruji na kivuli cha mparachichi, na wanaume wakaambiwa waogee kwa jirani. Baba mkwe alitii bila neno. Nilimheshimu kuanzia siku hiyo.

Ijumaa nilihitaji majani. Nilikuwa nimeona masale yamepanga mstari mpakani mwa kihamba (shamba la ukoo), jani pana, refu, gumu, la kijani kilichoiva, ambalo likiwa majini hukaa wiki bila kulegea. Nilikwenda kwa mama mkwe, nikampa shikamoo nyingine ingawa asubuhi nilishampa, nikamwomba ruhusa ya kukata machache. Aliniangalia. "Umemkosea nani tena, mwanangu, kabla hujaolewa?" Kwa Mchaga sale ndilo hupelekwa kwa uliyemkosea unapoomba msamaha, na aliyeletewa sale ni vigumu kumfukuza aliyelileta. Ndilo hupandwa mpakani na penye makaburi. Alicheka mwenyewe, akaenda kuyakata kwa mkono wake, akayafuta vumbi kwa upande wa kanga. Baadaye ukumbini mtu alishika kipaza sauti akasema shada langu ni muungano wa pwani na mlima. Nilipiga makofi na wengine. Ukweli ni kwamba nilitaka jani lisilonyauka.

Kikuba kilifika jioni na basi la kutoka Tanga, pamoja na mama na shangazi zangu. Kilikuwa kimefungwa ndani ya jani la mgomba na kitambaa kibichi. Lilikuja pia fundo la uzi wa katani ambalo sikuliagiza. Bibi alituma akisema utepe unateleza. Ni kweli unateleza: vikonyo vilivyotoka majini vina utelezi, na utepe wa satini hauvishiki hata uubane vipi. Katani ina makucha. Mtu wa Tanga hujivunia mkonge kana kwamba ni wa babu yake, na mimi sikosi kusimulia kwamba ulifika mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na kwamba miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalianzia kwenye miche hiyo.

Jumamosi tulianza saa kumi na mbili asubuhi, mimi na wifi, kwenye kibaraza, msusi akiwa bado hajafika. Nimeshika kikuba kwa mkono wa kushoto, kwa kidole gumba na cha shahada, kikiwa kimeshikizwa kwenye kijiti. Waridi la kwanza linaegemea kijiti, kichwa juu kidogo, kikonyo kimelala mshazari kuelekea kulia. La pili linalala juu yake kwa mshazari ule ule. Unageuza fungu lote kidogo mkononi, unaweka jingine, unageuza. Siri yote ni kutobadilisha upande. Kikonyo kimoja kikilala kinyume, vingine vinavunjika au vinasukuma vichwa nje. Ukishika mwelekeo, pale unapobana panakuwa kiuno chembamba, juu maua yanajipanga mviringo bila kulazimishwa, na chini vikonyo vinapanuka kama miguu ya kigoda. Mkono wangu ulianza kuuma nikiwa sijafika nusu. Wifi alikuwa ananipa maua tu, hakugusa shada, na kila nilipotaka kulibana zaidi aliniambia, "Liache lipumue." Ua likibanwa na mwenzake petali zinapata michubuko, na mchubuko ambao saa moja huuoni, saa nane umeshakuwa wa kahawia.

Baada ya mawaridi nikaweka masale kwa nje, nimeyakunja kila moja likawa kitanzi, na makangaga machache ya bondeni kwa mama mkwe. Uzi wa katani ukapita kiunoni mara kadhaa, ukafungwa. Vikonyo vikakatwa sawa, urefu wa kiganja na nusu kutoka kwenye uzi. Kisha tukafanya jaribio la wifi: tuliliweka shada mezani bila kulishika. Likasimama. Likarudi majini, vikonyo peke yake, mpaka nusu saa kabla ya kutoka, ndipo tukayafuta maji na kuzungusha utepe mweupe juu ya katani, pini zikiingia kwa mshazari ili zisinichome.

Sponji ya mpambaji sikuikosa. Ni ugunduzi wa Mmarekani Vernon Smithers, wa mwaka 1954, na kwa mapambo makubwa ya madhabahuni imewarahisishia wengi kazi. Lakini ni plastiki isiyooza. Ikisagika inabaki vumbi lake kwenye udongo na maji. Kwa kitu cha kushikwa mkononi kwa saa chache, uzi unatosha.

Mpiga picha alililaumu. "Dada, shada dogo hili halionekani kwenye kamera." Nilimwambia alisogelee. Wapambaji wengi hufunga shada la kuonekana na watu wa viti vya nyuma, wakasahau kwamba kuna mtu atalibeba akiwa amevaa viatu virefu kwenye joto la Desemba. Lishike chini ya kitovu, viwiko vimelegea, na uzito wake ukutulize mikono; likikaa kifuani linaficha gauni na mabega yanapanda. Kanisa lilijaa mpaka nje. Mahubiri yalikuwa marefu, kama kawaida. Na kadiri mikono yangu ilivyopata joto, vilua vilianza kazi: harufu ilipanda kutoka katikati ya mawaridi yasiyo na harufu, nikaona mume wangu anageuka kutafuta inatoka wapi. Shangazi yangu, aliyekaa kiti cha mbele, alijua mara moja. Alifunga macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

MC alitaka nilirushe kwa wasichana. Hilo tulikuwa tumelitarajia. Wifi alifunga kishada kidogo cha mawaridi yaliyobaki na hicho ndicho kilichopiganiwa. Langu tulilipeleka asubuhi iliyofuata kwenye kaburi la babu yake mume wangu, humo humo kihambani. Waingereza nao wana desturi ya namna hiyo: Elizabeth Bowes-Lyon, aliyekuja kuwa malkia, alipoolewa mwaka 1923 aliliacha shada lake Westminster Abbey, kwenye kaburi la askari asiyejulikana, na mabibi harusi wa kifalme wamemfuata. Sikumfuata yeye. Mama mkwe ndiye aliyesema, "Kamsalimieni babu," tukaenda.

Tangu hapo nimefunga mashada ya wadogo zangu na binamu zangu, na msimamo wangu haujabadilika. Ukumbi waachieni wapambaji. Meza, jukwaa na upinde wa mlangoni ni kazi ya watu wengi na magari, na bibi harusi anayejaribu kuifanya atafika kanisani amechoka na kucha nyeusi. Pia kama huna mtu wa kukaa naye asubuhi ile, usijaribu peke yako; mikono miwili haitoshi. Lakini shada ni kazi ya mtu anayejua kumenya muhogo.

Kwa hiyo wewe unayeolewa Desemba hii, mwambie katibu wa kamati alifute shada kwenye orodha. Mawaridi yakufikie Alhamisi, yakiwa matumba yaliyoanza kulegea, si yale magumu kabisa ambayo hayatafunguka. Tafuta ndoo mbili safi, kisu kikali, na mtu wa kukupokezea maua. Kama una bibi anayejua kufunga vikuba, mpigie leo, usingoje wiki ya harusi, maana wanaojua wamebaki wachache.